Mkeka Chini ya Dirisha

Rumonge, Jumamosi alasiri

Binti yangu Spesiyoza,

Amani iwe nawe. Niwie radhi kwanza kwa jambo hili lisilo la kawaida, la baba kumwandikia barua mtoto anayelala chumba cha pili. Ukirudi kutoka Magara kumuaga mama yako wa ubatizo utanikuta sebuleni, nitakuuliza kama barabara ilikuwa nzuri, utanijibu, "Ilikuwa nzuri, Mzee," na hapo maneno yetu yatakuwa yamekwisha. Nalijua hilo kwa kuwa ndivyo tulivyoishi tangu mwaka jana. Mdomoni sina ufundi. Kwenye karatasi ninao kidogo, ingawa karatasi ndiyo iliyonikosesha mbele yako.

Nakuandikia kwa Kiswahili, nawe utanisamehe ukiona Kirundi kingefaa zaidi kwa mambo mazito. Kirundi changu ni cha kanisani na cha mabaraza ya wazee. Nikikishika tu, nakuwa mtu wa kuhutubia. Kiswahili ndicho ulichozaliwa nacho kule kambini Tanzania, na ndicho mama yako alichokuwa akiwagombeza nacho na kuwachekesha nacho. Tena huko Kigoma uendako kufundisha Kifaransa, ndicho utakachokisikia barabarani.

Sitakuandikia habari za pasi yako, wala za kutolala kwa mtu usiyemfahamu, wala za dawa ya malaria. Hayo jirani yetu Mama Zaituni amekwisha kukwambia kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia. Mimi nina deni la jibu. Uliniuliza jambo mbele ya watu siku ya kuganduka, tulipoondoa matanga ya mama yako, sikulijibu, na kesho asubuhi unapanda basi.

Naomba nikurudishe kwenye siku ile, ingawa najua huipendi. Mwaka ulikuwa umetimia tangu tumzike mama yako. Ndugu walikuwa wamekuja kutoka Gitaza na kutoka Nyanza-Lac ili tuondoe matanga kama ilivyo desturi, na mimi, mkuu wa nyumba, nilipaswa kusimama niseme mke wangu alikuwa nani. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Niliandika kurasa tatu kwa mwandiko wa shule, nikasoma polepole: siku aliyobatizwa, siku ya kipaimara, siku ya ndoa yetu, mwaka tuliokimbia, mwaka tuliorudi, watoto aliowazaa, kazi aliyoifanya katika chama cha akina mama wa parokia. Watu walipiga makofi. Nilikunja karatasi zangu nikiamini kuwa nimemheshimu.

Ndipo wewe uliposimama. Ulikuwa umevaa kitenge chake cha kijani. Ulisema, bila kupaza sauti, "Papa, huyo uliyemusoma hapo mimi simujui. Tafadhali weka karatasi chini. Tuambie kitu kimoja cha mama. Kidogo tu. Kisichokuwa kwenye hiyo karatasi."

Baba yako mdogo akasema, "Mutoto, kaa. Wakubwa wanaongea."

"Nitakaa akishasema, Papa mdogo," ulijibu, ukabaki umesimama.

Nilifungua mdomo. Naapa kwamba nilitafuta. Nilitafuta kama mtu anayepapasa mifuko yote ya koti mbele ya mlango wake mwenyewe, na watu wanamtazama. Mwishowe nilisema, "Mama yenu alikuwa mke mwema." Ukanishukuru kwa Kirundi, "Murakoze," ukakaa. Tangu saa ile hujaniita Papa tena. Unaniita Mzee, kwa adabu yote, kama unavyomwita yule anayeuza makaa.

Silalamiki. Nakueleza tu kwa nini mifuko ilikuwa mitupu, maana kosa lenyewe lilianza kabla hujazaliwa.

Kule seminari ndogo nilikosomea, tulikula kimya. Vijana themanini katika chumba kimoja, vijiko vinagonga sahani, na mmoja wetu amesimama juu ya kijukwaa anasoma maisha ya mtakatifu fulani. Aliyeongea alipiga magoti mpaka wenzake wamalize kula. Miaka sita nilikula hivyo, na nilipotoka niliamini kabisa kwamba kula ukiongea ni tabia ya watu wasiofundishwa. Sikuwahi kujiuliza kama wale mapadri walitufundisha hivyo ili tuwe watu, au ili vijana themanini wasipige kelele.

Nilipooa, niliibeba desturi hiyo nikaiingiza nyumbani kwangu. Hata kambini, katika kibanda cha udongo, nilitengeneza meza kwa mbao za masanduku ya misaada. Nilimtaka mama yako Melania akae upande mmoja na watoto upande mwingine, nami nikawasomea. Kaka yako Deo alikuwa na miaka minne. Alicheka kila nilipotamka jina la mtakatifu. Nikamwamuru apige magoti. Akapiga magoti akiwa bado anacheka, na ugali mdomoni.

Mama yako hakubishana nami. Jioni iliyofuata aliniandalia sahani yangu, kijiko changu na kikombe changu mezani, akachukua sinia na mkeka, akawatoa watoto nje. Mlangoni aligeuka akasema, "Soma, Mwalimu, sisi tusikusumbue."

Nilidhani ni heshima. Ilikuwa heshima kweli, na ndiyo sababu sikuona nilichopoteza. Tangu jioni ile nilikula peke yangu katika nyumba yangu mwenyewe, miaka yote ya ndoa yetu, nikihudumiwa vizuri.

Nje kulikuwa na sinia moja, mikono yote ndani yake, na kulikuwa na lile swali lake. Unalijua kuliko mimi. Hakuna aliyemega tonge la kwanza kabla ya kujibu: "Leo umeokota nini?" Nilikuwa nikilisikia kila jioni, nikalidharau. Nilidhani ni mchezo wa kuwanyamazisha watoto wenye njaa wakati mboga inapoa. Kelele zilipozidi nilikuwa nikigonga meza kwa kijiko mara tatu, nanyi mlinyamaza. Naomba radhi kwa kila mara niliyogonga. Sijui zilikuwa ngapi.

Tuliporudi Rumonge ulikuwa na miaka sita. Unakumbuka tulikuta shamba letu la michikichi lina mwenyewe mwingine, mtu asiye na kosa, aliyepewa sisi tulipokuwa ukimbizini. Sitaki kuirudia kesi ile. Nataka tu ujue kwamba meza yangu ilipata kitabu kipya. Badala ya maisha ya watakatifu nikawa nasoma barua za ofisi, huku nakula bila kujua nakula nini. Mama yako aliniambia mara moja tu, "Papa Deo, tugawane na yule mutu, tuishi." Nilimjibu kwamba haki haigawanywi. Mwishowe wakubwa wakaligawa shamba nusu kwa nusu, sawasawa na alivyosema yeye, miaka minane baadaye.

Mwaka ule tulikamua mawese yetu ya kwanza. Jioni yake mama yako alikuja mlangoni. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko, na mafuta yanang'aa. Akasema, "Papa Deo, njoo nje uonje. Ni ya miti yetu. Watoto hawajagusa, wanakungoja wewe."

Nilikuwa naandika barua ya kupinga mpaka wa ule ugawaji. Sikuinua kichwa. Nikasema, "Niletee kwenye sahani."

Akaniletea kwenye sahani, na kijiko pembeni. Alisimama kidogo nyuma yangu, kisha akatoka. Nje sikusikia kelele yoyote jioni ile, wala sikuhitaji kugonga meza. Spesi, mimi ni mtu niliyekimbia nchi yangu, nikalala porini, nikazika wazazi wangu ugenini. Lakini nikiulizwa leo ni saa ipi katika maisha yangu ningeomba nirudishiwe, ni ile. Ilikuwa hatua saba kutoka kwenye kiti mpaka kwenye mkeka. Nimezipima wiki hii.

Siku iliyofuata kuganduka, wewe ulipokuwa umejifungia chumbani, Mama Zaituni alikuja kuchukua sufuria zake alizotuazima. Unamjua, hawezi kuchukua sufuria bila kuacha neno.

"Mwalimu," akasema, "jana mutoto amekuumiza."

"Ameniumiza kwa haki," nikamjibu.

"Haki nusu. Hiyo nusu nyingine iko kwangu." Akaketi juu ya sufuria kubwa, akaigeuza kigoda. "Weye unajua kwa nini marehemu alikuwa anatandika mukeka pale chini ya dirisha lako?"

"Kwa ajili ya kivuli."

"Kivuli cha nini, jua limeshazama? Pale ndipo moshi wa jiko unaangukia. Macho yake yalikuwa mekundu kila jioni. Nilimwambia, Mama Deo, leta mukeka huku kwangu kwenye hewa, utapofuka. Akaniambia, hapana, hapa anasikia."

Sikuelewa. Nilimuuliza nani anasikia.

"Kumbe kweli umesoma sana," akasema. "Nilimuuliza na mimi, kama anasikia, mbona hatoki? Akanijibu: 'Anasogeza kiti. Nasikia miguu ya kiti inalia kwenye sakafu.'"

Akabeba sufuria zake akaenda zake, nami nikabaki nimesimama uani mpaka kuku walipoanza kuingia bandani.

Maana ni kweli, mwanangu. Nilikuwa nasogeza kiti. Ni siri niliyodhani nitazikwa nayo. Baada ya ile jioni ya mawese nilianza kusogeza kiti changu kuelekea dirishani, kidogo kidogo, kila jioni. Niliendelea kugonga meza wakati mwingine ili mjue bado mimi ni baba, kisha nilikuwa nikiegemea ukuta na kusikiliza. Kutoka niungane nanyi sikuweza. Nilikwisha kuwa mtu wa mezani. Niliona aibu ya mwanamume mzima kuchuchumaa kwenye mkeka na kuulizwa ameokota nini. Na yeye alijua. Alikaa kwenye moshi, macho yakimtoka machozi, ili mimi nisikie nyumba yangu mwenyewe bila kulazimika kukiri.

Basi hili ndilo jibu la swali lako. Limechelewa mwaka mzima kwa kuwa kwa mdomo sikuliweza, na limetoka kwa jirani, si kwangu. Lakini baada ya kulipata, mifuko ikaanza kujaa. Ninayo mengine, nami nakupa yote niliyonayo, kama nilivyoyasikia kupitia dirisha.

Kuna jioni Deo alisema ameokota mwalimu wake aliyevaa shati ndani nje tangu asubuhi, na darasa zima likala njama asiambiwe. Mama yenu alicheka mpaka akapaliwa. Baadaye akasema, "Kesho umuambie. Polepole, kwenye sikio."

Kuna jioni wewe ulisema hukuokota kitu. Ulikuwa umepigana na rafiki yako. Yeye hakukulazimisha. Alisema, "Basi leo chukua changu. Leo nimeokota nyanya moja imeota penye maji ya kuoshea vyombo. Hakuna aliyeipanda. Ni yako." Nadhani ulikwenda kuiangalia kila asubuhi. Nilikuwa nakuona ukipita na kikombe cha maji, sikujua unakwenda wapi mpaka nilipounganisha mambo haya mawili wiki iliyopita.

Na kuna jioni alisema, "Leo nimeokota baba yenu anaimba akinyoa ndevu. Hajui kama namusikia. Anaimba kama mutu mwenye furaha." Mlicheka wote. Mimi ndani nikakasirika, kwa ujinga nisioweza kukueleza. Niliona nimechunguliwa. Sikuimba tena nikinyoa ndevu, wala yeye hakuuliza kwa nini. Nilimnyang'anya kitu alichokuwa amekiokota, Spesi, na kilikuwa hakinigharimu chochote.

Alipougua ile homa ya siku nne nilihamishia kitanda chake sebuleni, ili nimtazame nikiwa mezani. Wewe ulikuwa Bujumbura kwenye mitihani, na yeye ndiye aliyenikataza kukuita. Nilimlisha uji kwa kijiko changu. Jioni ya tatu nilitaka sana kumuuliza leo ameokota nini. Maneno yalifika kwenye meno. Niliona aibu kuyatumia, kama mtu anayevaa nguo za mwingine huku mwenye nguo bado anatazama. Nikamuuliza, "Unahitaji nini?" Akasema, "Fungua dirisha." Nikafungua. Labda alitaka hewa tu.

Sikuandikii haya ili unionee huruma. Mtu mwenye umri wangu akijililia sana huwachosha vijana, na wewe una safari. Nakuandikia kwa kuwa nakuogopea. Umerithi mwandiko wangu, na nimeona umerithi pia ile njia yangu ya kukasirika kimya, kwa adabu, kwa muda mrefu. Mwaka huu wote umekula chumbani kwako na mlango umefungwa, nami nimekula mezani kwangu. Chini ya dirisha hapakutandikwa mkeka. Nilipokuwa nikikusikia ukigusa sahani kule ndani, mara nyingi nilisogeza kiti kuelekea mlango wako. Sijui kama ulikisikia.

Huko Kigoma utapangiwa chumba katika nyumba za walimu. Utachoka, utasahihisha madaftari huku unakula, na utajiambia kwamba hayo ndiyo maisha ya mtu aliyesoma. Mimi sina haki ya kukushauri lolote kuhusu meza. Nasema tu kwamba nilikaa kwenye meza hiyo uendako kukaa, na kwamba chakula kilikuwa kizuri na sikukionja.

Nimebakiza jambo moja, nalo ni la leo.

Mchana huu, baada ya chakula, ulidhani nimelala. Nilikuwa kwenye kiti, nimeegemea ukuta wangu. Mama Zaituni alikuwa amekuletea ndagala wa safari, nanyi mkabishana pale uani.

"Mama Zaituni, Kigoma nako wako na dagaa. Ziwa ni hili hili."

"Ziwa moja, sikatai. Lakini kukausha ni mikono. Wale wanakausha na muchanga, utatafuna ufuo."

"Watanicheka mupakani."

"Wakicheka wape wanuse."

Alipoondoka ulipiga magoti kwenye turubai ukaanza kuwageuza wale ndagala kwa kiganja, ukiwasukuma kama mtu anayefuta vumbi mezani. Ulichukua mmoja ukamwonja. Kuku mwekundu alikuwa anakuzunguka. Ukachukua wa pili, ukamrushia, ukamwambia, "Na wewe usiende kusema hukupewa."

Spesi, mama yako alikuwa akiwaambia kuku maneno hayo hayo. Kambini, na hapa, kila alipoanika. Nilikuwa nimeyasahau kabisa. Yangelikuwa kwenye ulimi wangu siku ile uliposimama na kitenge cha kijani, yangelitosha. Sijui kama unajua umeyatoa wapi, au yanatoka tu. Mwaka mzima nimekuwa nikikutafutia kitu kimoja kidogo cha mama yako, na wewe ulikuwa nacho mkononi unamrushia kuku. Nilitaka kutoka nikwambie papo hapo. Niliinuka hata. Nikapiga hatua nne katika zile saba, kisha nikaja kutafuta karatasi, kama kawaida yangu. Nisamehe na hilo.

Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako kabla hujarudi. Basi lako linaondoka saa mbili. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa nimetandika mkeka chini ya dirisha, upande wa nje, penye moshi. Nimemwomba Mama Zaituni anionyeshe jinsi ya kupika maharage kwa mawese. Amecheka sana, kisha amekubali. Kutakuwa na sinia moja. Sitaweka vijiko. Magoti yangu hayakunji vizuri siku hizi, kwa hiyo itabidi univumilie nikikaa vibaya, na nikishindwa kuinuka itabidi unishike mkono.

Ukipenda kula chumbani kwako nitaelewa, nami nitakubebea sanduku mpaka kituoni bila neno. Sitakugongea. Sitagonga kitu chochote.

Lakini ukitoka, ukakaa, naomba usimege kabla ya kuuliza. Nimeandika hapa la leo, la kuku na ndagala, ili lisipotee. La kesho sitaliandika. Nitalisema kwa mdomo, ukiniuliza.

Papa